Koti Lisilo na Kisketi

Pale soko la mitumba la Mlango Mmoja, Mwanza, ukimuulizia Dorotea Machibya, watu watakutazama tu. Muulizie Mama Ulaya. Hapo hata anayekatakata mboga atakuelekeza kwa mdomo bila kuweka kisu chini: nyoosha, wapite wauza mapazia, ukiona makoti yanayokutoa jasho kwa kuyatazama tu, umefika.

Asiyeijua Mwanza atacheka. Jua lote hili, nani anunue koti la theluji? Acheke, akimaliza aende alfajiri mwaloni awaone wavuvi wa dagaa wakirudi kutoka ziwani. Mtu amekesha juu ya maji, upepo unampiga, nyavu zinammwagia maji kifuani. Huyo humwambii kitu kuhusu sweta. Anataka ile suruali nene ambayo Wazungu huivaa kutelezea kwenye theluji, ambayo maji yakiigusa yanateremka yenyewe. Bodaboda wa alfajiri naye anataka koti lake, na mlinzi wa usiku vilevile. Wote hao walikuwa wateja wa Dorotea, naye akiwatazama mara moja tu mabegani alijua avute koti lipi.

Sasa huo Uulaya ulianzaje? Dorotea ni mzaliwa wa Misungwi, na safari yake ndefu kuliko zote maishani ilikuwa ya Makete, kule nyanda za juu kusini, alikomfuata mume wake aliyekuwa anapasua mbao. Makete kuna baridi, hilo hakulisingizia. Walikaa huko miaka miwili, wakarudi. Siku moja, biashara ikiwa bado changa, kijana wa bodaboda alikuwa analigeuzageuza koti akiuliza kama kweli linazuia baridi. Dorotea akamwambia, "Baridi naijua, mwanangu. Nimekaa mahali unaamka asubuhi majani yote meupe, utadhani yamemwagiwa unga."

Kijana akatoa macho. "Ulaya hiyo, mama?"

Angesema Makete, yangeishia hapo. Lakini alikuwa anakunja suruali, akaendelea kukunja, hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Kijana akanunua koti, na baadaye akaleta wenzake. Uongo wa kunyamaza ni mtamu kwa sababu mtu hajioni kama ameusema. Maswali yakaongezeka, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Watu walipotaka kujua ni nchi gani, alichungulia lebo ya koti lililokuwa mkononi mwake, akasema Austria. Basi akawa amekaa Austria. Akawa amemtunza bibi kizee mmoja huko, mkali lakini mwenye roho nzuri. Yule bibi kizee alikua hadithi kwa hadithi, akapata paka, akapata na ugonjwa wa miguu.

Kwa kuwa sasa alikuwa mjuzi, Dorotea alianza pia kuyafanyia marekebisho yale makoti. Mengi yalikuja na kitu cha ajabu ndani: kisketi kilichoshonewa kiunoni, chenye lastiki na vifungo vya kubana. Wavuvi walikilalamikia sana. Haja ndogo ikimshika mtu kwenye mtumbwi, alisema Shigela, mvuvi wa siku nyingi, mpaka amalize kufungua kile kisketi mambo yameshaharibika. Bodaboda nao walisema kinawatekenya tumbo. Dorotea akatoa hukumu: hivyo ni vya urembo, hata kule tulikuwa tunavikata. Elias, fundi cherehani wa kibanda cha pili, akawa anavikata kwa wembe kila belo jipya linapofunguliwa. Na kwa kuwa hakuna kitu cha kutupa sokoni, vile visketi alivigeuza vimkoba vya kufunga kiunoni, lastiki ile ile, vifungo vile vile. Akina mama wauza dagaa walivipenda hao!

Mambo yalikuwa yamekaa hivyo Teodora Chenge alipovuka ziwa kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na binti yake Winnie.

Teodora na Dorotea walikuwa wamejuana tangu Teodora alipoanza kuleta dagaa Mwanza. Dorotea ndiye aliyempa mahali pa kulala siku meli ilipomwacha, na tangu hapo wakaitana dada na mdogo wangu, na mtoto akazaliwa akimkuta mama mkubwa tayari yupo. Winnie sasa alikuwa amepata bahati ambayo Nansio nzima ilikuwa inaizungumzia. Parokia yao ina urafiki na parokia moja ya milimani huko Uswisi, na kijana mmoja alitakiwa aende kukaa mwaka mzima, asaidie kwenye kituo cha watoto. Kipindi cha baridi watoto hupandishwa mlimani kutelezea theluji juu ya mbao, na wasaidizi hufundishwa kuteleza pamoja nao. Akachaguliwa Winnie.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu simama nikuone. Kwa urefu huu ungefika huko bila ndege!"

"Dada," alisema Teodora, akikaa juu ya belo huku anajipepea, "wenzake wanahangaika kuuliza mitandaoni. Mimi nikawaambia, huyu ana mama yake mkubwa aliyeikanyaga theluji kwa miguu yake. Si majirani tu, Uswisi na kule kwako?"

"Majirani kabisa," alisema Dorotea. "Kama hapa na Geita."

Wakaanza kuchagua. Dorotea akiwa kazini alikuwa wa kutazamwa. Alivuta suruali nyeusi, akaimwagia maji ya kopo mbele ya wapita njia, maji yakakimbia, akaikung'uta na kumpa Winnie. Alitoa glavu, akazipindua nje ndani kukagua mishono. Alitoa miwani mikubwa ya kuziba macho yote, Winnie akaivaa, mama yake akacheka mpaka akashika mbavu. Viatu vilikuwa kazi. Vile vya kufungia kwenye ubao wa kutelezea ni vigumu, vizito, vina kamba na bizimu, na jozi pekee iliyokuwepo ilikuwa imekaa pale miaka bila mteja. Winnie akatumbukiza mguu, ukacheza ndani.

"Utavaa soksi tatu," Dorotea akasema.

"Wameandika kisigino kisinyanyuke, mama mkubwa. Na soksi iwe moja." Winnie alikuwa na simu mkononi, akisoma maelezo aliyotumiwa na wenyeji wake. "Na nguo ya kugusa mwili isiwe ya pamba, kwa sababu jasho likiingia halitoki."

"Hapo wamesema kweli," alidakia Shigela, aliyekuwa anajaribu kofia pembeni. "Pamba ikilowa ziwani usiku, unaliona kaburi."

"Basi viatu utaazima huko huko," Dorotea akasema haraka, na kumtafutia Winnie fulana mbili za kubana, zile laini zisizo za pamba. Kisha akafika kwenye koti, na hapo alijua ana silaha. Lilikuwa jekundu, refu la kufunika makalio, kofia yake inameza kichwa kizima, zipu zake zote nzima. Alilitoa kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayetoa nguo za Krismasi. Winnie alipolivaa, wanawake wa mapazia waliacha kazi wakaja kutazama.

"Limekukaa," Teodora akasema, akimnyooshea kola. "Jamani, mwanangu."

Winnie akafungua zipu, akapapasa ndani kiunoni. Akatazama simu, akapapasa tena.

"Mama mkubwa, wanasema koti lazima liwe na kisketi ndani, cha kubana kiunoni. Wanasema anayejifunza anaanguka sana, na akianguka theluji inaingia kwa chini inapanda mgongoni. Hiki hapa kwenye picha." Akamwonesha. "Hili halina?"

Dorotea akaitazama picha. Kisketi, lastiki, vifungo vya kubana. Kisha, bila kutaka, akamtazama Teodora. Teodora alikuwa ameketi pale juu ya belo, na kiunoni mwake amefunga kimkoba cha Elias, chekundu, cha kitambaa kile kile cha koti la binti yake.

Damu ilimpanda Dorotea usoni mpaka masikio yakawaka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anakatisha kitu chenye kazi, huku akiwaambia watu kuwa ndivyo wajuzi wanavyofanya. Ilibaki sentensi moja tu. Angesema, mwanangu, kilikuwepo, nimekikata mimi, sikujua kazi yake. Lakini sentensi hiyo ingevuta nyingine. Hukujua vipi, na wewe umekaa kule? Na Shigela alikuwa pale na kofia yake, na wanawake wa mapazia walikuwa wamesimama wote.

"Hicho ni cha watoto," alisema. Sauti ilitoka nzuri, hata yeye mwenyewe aliisikia ilivyo nzuri. "Watu wazima tulikuwa tunakikata. Wewe kaza tu mkanda wa suruali."

"Umesikia?" Teodora akamwambia binti yake. "Simu itakudanganya. Msikilize aliyekwenda."

Na Winnie akaizima simu. Hilo ndilo lililomuuma Dorotea kuliko yote, lile la mtoto kuizima simu iliyokuwa inasema kweli na kuiweka mfukoni kwa heshima.

Walipoondoka hakuuza kitu tena siku ile. Alijiambia kuwa kuna suruali, kuna mkanda, theluji yenyewe si barafu tu, itafanya nini. Alijiambia mengi. Mwisho akamwita Elias, wakafungua belo ambalo alikuwa amelipangia wiki inayofuata, akalichambua peke yake mpaka chini kabisa, akapata koti la bluu, kipimo cha Winnie, kisketi chake kipo. Elias akachukua wembe.

"Hilo usikate."

"Kwani hili lina nini, mama?"

"Nimesema usikate!" Elias akarudi kwenye cherehani yake akishangaa, maana hakuzoea kufokewa.

Mpango wa Dorotea ulikuwa mzuri. Angekwenda Nansio kwenye kumuaga Winnie, amwite mtoto pembeni, ambadilishie koti. Angesema hili la bluu ni zuri zaidi, limekuja baadaye, basi. Hata kweli yote isingehitajika. Akalikunja koti kwenye begi akapanda meli.

Lakini mtu anayejulikana haitwi pembeni, wala haiti. Tangu anashuka gatini alikuwa mgeni rasmi. Nyumbani kwa Teodora turubai lilikuwa limefungwa, vyungu vinachemka, na watoto walikuwa wanamfuata wakinong'ona kuwa ndiye yule wa Ulaya. Koti jekundu lilikuwa limetundikwa mbele, juu ya meza, limefungwa utepe. Kila aliyefika alilishika. Katekista alilishika. Bibi yake Winnie, asiyeona vizuri, aliletewa akalipapasa kola mpaka pindo, akasema mwenye kumchagulia mjukuu wake nguo hii Mungu amlipe.

Sasa utamwambia nani, na begi lako, kwamba koti hilo lishushwe?

Kisha akapewa kipaza sauti, amuusie mtoto. Dorotea akasimama. Alikuwa na nia, kweli alikuwa nayo; ilifika kooni. Akafungua mdomo, na yule bibi kizee wa Austria akatoka mwenyewe, na paka wake, na miguu yake. Alisema theluji ni laini lakini ina hila. Alisema ukianguka usiogope, inuka, kama katika maisha. Watu wakapiga makofi, vigelegele vikapaa, na Teodora akainuka akamchezea mbele yake, mikono juu, kimkoba chekundu kinarukaruka kiunoni. Dorotea alikaa chini. Begi lilikuwa chini ya kiti, kati ya miguu yake, na alilibana kwa visigino kama linaweza kutoka na kusema.

Kesho yake walisafiri meli moja kurudi Mwanza, Winnie akiwahi ndege. Mtoto alikuwa hajalala usiku, akamwegemea mama yake mkubwa begani akasinzia njia yote. Nafasi hiyo ilikuwa ya Mungu mwenyewe. Dorotea alikaa bila kujitingisha, bega limekufa ganzi, akiogopa kumwamsha, na akijua wazi kwamba hicho sicho anachoogopa. Koti la bluu lilikwenda Nansio na likarudi Mwanza bila kuona jua. Alipofika kibandani alilitumbukiza chini ya meza, nyuma ya masalio yasiyouzika.

Winnie alituma ujumbe wa sauti wiki kadhaa baadaye. Dorotea aliusikiliza amejiinamia nyuma ya makoti.

"Shikamoo, mama mkubwa. Huku nimefika salama. Jamani, theluji! Mlimani wametupandisha, nimeanguka mpaka nimechoka kuhesabu. Ila mama mkubwa, theluji iliniingia kwa chini, ikapanda mgongoni, ikayeyuka yote ikaingia kwenye suruali. Nilitetemeka mpaka nikashindwa kuongea. Mwalimu akanifungua koti, akakuta mishono imekatwa, akauliza nani amekata. Nikamwambia nimelinunua hivyo. Nimelala kitandani wiki nzima, kifua kilibana sana, lakini sasa nimepona kabisa. Mama nimemwambia ni mafua. Tafadhali usimwambie, atahuzunika. Na wewe usijisikie vibaya, nafikiri enzi zenu walikuwa wanavaa hivyo."

Enzi zenu. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Mtoto alikuwa amelala kifua kimebana katika nchi ya watu, na badala ya kumlaumu alikaa akamtafutia sababu. Dorotea aliona aibu ya namna ambayo hakuwahi kuijua, ya kutotaka hata kugusa nguo alizokuwa anauza. Akamjibu kwa maandishi: pole mwanangu, Mungu ni mwema. Alitazama maneno hayo yalipokwenda, akajiona mchafu.

Tangu hapo aliacha kusimulia. Mteja akimchokoza, "Mama Ulaya, hebu tupe za kule," alimjibu anunue au apishe njia. Watu wakasema Mama Ulaya anaumwa. Elias alimletea uji.

Siku moja Teodora alikuwa ameshusha mzigo wake wa dagaa na kuja kupumzika kibandani kama kawaida yake. Shigela alikuwepo na wavuvi wenzake wawili, wanachagua suruali. Simu ya Teodora ikaita, ya video, na uso wa Winnie ukajaa kioo, nyuma yake kumetanda weupe mtupu.

"Winnie! Jamani njooni muone! Mwanangu huyo, amesimama juu ya theluji!"

Wote wakajazana, wavuvi, wauza mapazia, Elias na futi yake shingoni. Winnie akawaamkia wakubwa wote, akageuza simu akawaonesha mlima, ubao wake, watoto wanaoteleza. Alikuwa amevaa koti la zambarau.

"Na lile jekundu liko wapi?" Teodora akauliza. "La mama yako mkubwa?"

"Nimelifua, mama, halijakauka. Hili nimeazima tu."

"Linakufaa lakini? Linazuia?"

"Linazuia sana. Kila kitu kiko kama mama mkubwa alivyoniambia." Akacheka, na macho yake yakamtafuta Dorotea katikati ya vile vichwa. "Mama mkubwa, si nasema kweli? Waambie."

"Mmesikia!" Shigela akasema. "Mama Ulaya huyo! Wabeja, asante sana!"

Wote wakamgeukia, wanatabasamu, wanasubiri. Ilitosha kuitikia kwa kichwa. Mtoto alikuwa ameshamfanyia kazi yote, amemtandikia kitanda cha uongo, kilichobaki ni yeye kulala. Na Dorotea akaona kwamba akiitikia sasa, atakuwa amemfundisha mtoto wa mwenzake kazi yake hiyo ya kusema uongo.

"Winnie, usinisemee uongo, mwanangu," alisema. "Acha kabisa."

Kisha akamgeukia mama mtu.

"Teodora, lile koti lilikuwa na kisketi. Nilikikata mimi. Theluji imemwingia mwanao mgongoni, ameumwa kifua wiki nzima, hayakuwa mafua. Na Ulaya sijawahi kufika. Nimefika Makete."

Mmoja wa wavuvi akaanza kucheka akidhani ni utani, Shigela akamgusa mkono. Winnie kwenye simu alikuwa anasema, "Mama, usimsikilize, mama, mimi nimepona," lakini hakuna aliyemsikiliza.

Teodora aliishusha simu mapajani. Uso wake haukukasirika, na hilo lilimtisha Dorotea.

"Ya Ulaya yangeisha, dada," alisema. "Watu wa biashara tunasema mengi. Ninachouliza ni kimoja. Winnie alipokuonesha ile picha, hapa hapa, ulijua?"

Dorotea alikuwa na jibu la kujiokoa. Lilikuwa fupi na hakuna mtu duniani angeweza kulipinga.

"Nilijua."

Teodora akatikisa kichwa polepole. Akainua simu, akaisogeza karibu na uso wake, akampa Dorotea mgongo.

"Winnie, hilo koti ulilovaa, ni la nani?"

"La mwalimu wetu, mama. Anaitwa Anna. Ndiye aliyekaa na mimi nilipoumwa."

"Yupo hapo karibu?"

"Yupo."

"Mwite," Teodora akasema. "Mwite nimuone, nimshukuru. Mwambie mama yako anataka kumshukuru mtu aliyekuvisha."